Miezi mitano kabla ya chuo: mtafutie mdogo wako kibarua bila kumkwamisha kwenye udahili

Mtihani wa kidato cha sita huanza mwanzoni mwa Mei, na kwa tahasusi nyingi pepa la mwisho hufanywa kabla mwezi haujaisha. Vyuo vikuu vingi hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba. Hapo katikati kuna miezi mitano ambayo nyumba nyingi huihesabu kuwa likizo tu. Kijana analala mpaka saa nne, jioni yuko kijiweni, mpaka siku Baraza la Mitihani linapotoa matokeo, kwa kawaida Julai, ndipo mbio zinaanza. Cheti cha kuzaliwa hakionekani. Jina la kwenye cheti cha kidato cha nne lina herufi moja zaidi. Mwenyekiti wa mtaa anayetakiwa kusaini fomu yuko msibani Singida.

Wewe kaka au dada uliyetangulia huna haja ya kuwa na hela nyingi wala kumjua mkubwa yeyote. Unachotakiwa kushika ni kalenda na bahasha ya nyaraka, kisha kumsaidia apate kazi inayoingia ndani ya kalenda hiyo. Wengi hufanya kinyume: wanampeleka dukani kwanza, halafu Agosti dirisha la kuomba mkopo wa chuo linapokaribia kufungwa bosi anamkatalia ruhusa ya siku mbili. Karatasi zitangulie, kazi ifuate.

Wiki mbili za kwanza ni za karatasi

Mwache apumzike siku tatu nne baada ya pepa la mwisho, ni haki yake. Baada ya hapo kaeni mezani na vyeti vyote. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, na kitambulisho cha Taifa kama anacho. Soma majina kwa sauti, herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa. "Mohamedi" na "Mohamed" kwa mama yenu ni mtu mmoja, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Pia majina mawili upande mmoja na matatu upande mwingine huleta kero.

Mkikuta tofauti, jueni kwanza ni ya aina gani. Herufi iliyokosewa au jina la kati lililoachwa mara nyingi hutibiwa kwa hati ya kiapo inayoandikwa kwa wakili. Jina tofauti kabisa (alibatizwa akabadilisha, au alisoma kwa jina la mjomba aliyemlea) linahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku moja. Ndiyo maana kazi hii inafanywa Mei na si Agosti.

Cheti cha kuzaliwa chenyewe hakitoshi kwa Bodi ya Mikopo. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa Bara, au na wakala wa matukio ya kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Uhakiki wa RITA unaombwa mtandaoni: unapiga skani cheti halisi, unalipia ada ndogo, na jibu linarudi na namba ya uthibitisho. Kinachochelewesha watu ni skani mbaya. Picha iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya njano, na kivuli cha mkono juu yake, hurudishwa. Nenda steshonari, piga skani ya rangi, kila cheti faili lake la PDF, na lipe faili jina linaloeleweka. Kama mzazi mmoja au wote wamefariki, vyeti vya vifo navyo vinapita njia hiyohiyo. Kibali cha mazishi hakichukui nafasi ya cheti cha kifo, na familia nyingi hugundua jambo hilo zikiwa zimechelewa.

Kitambulisho cha Taifa huombwa na aliyetimiza miaka 18. Hata kama kadi haijatoka, namba ya NIDA yenye tarakimu 20 inatosha kwa mambo mengi, ikiwemo kusajili laini kwa alama za vidole. Laini isajiliwe kwa jina lake mwenyewe, isiwe ya shemeji wala ya wakala wa barabarani. Namba hiyo ndiyo itakayopokea ujumbe wa vyuo na ndiyo itakayolipwa mshahara wake wa kwanza.

Jambo la mwisho la wiki hizi ni barua pepe. Ifunguliwe kwa jina lake halisi. Neno la siri liandikwe kwenye daftari moja linalokaa nyumbani, pamoja na namba ya mtihani wa kidato cha nne na wa sita zilizoandikwa kamili na mwaka wake. Kila mwaka wapo watu wanaopoteza siku kwa sababu akaunti ilifunguliwa na kijana wa steshonari, naye hakumbuki aliandika nini.

Kama kuna wito wa JKT

Mafunzo ya mujibu wa sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yalisitishwa 1994 yakarejeshwa 2013, na kila mwaka orodha ya wahitimu wa kidato cha sita hutolewa na makambi waliyopangiwa: Rwamkoma, Mafinga, Oljoro, Ruvu, Bulombora na mengine. Kuripoti mara nyingi ni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na mafunzo huchukua kama miezi mitatu. Maana yake kwa habari ya kibarua ni rahisi: aliyeitwa ana wiki chache kabla na wiki chache baada. Usimtafutie kazi ya mkataba wa miezi mitatu.

Tangazo la wito hutaja vifaa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili, nguo za baridi kwa makambi ya nyanda za juu. Watu husoma mpaka hapo wakaacha. Chini kidogo wanaambiwa waende pia na nyaraka za kuombea elimu ya juu. Mpe nakala, si vyeti halisi, na wewe ubaki na skani zote. Usipange mambo kwa kutegemea kwamba utampata kwenye simu kila utakapotaka. Kwa hiyo kabla hajapanda basi, kaeni muandike orodha tatu za kozi: ya matokeo mazuri, ya matokeo ya kati, na ya matokeo yasiyopendeza. Aandike yeye kwa mkono wake. Julai ikifika, wewe hubahatishi, unafuata alichoandika.

Namba ya simu utakayojaza kwenye maombi ya vyuo ifikiriwe hapa pia. Kama laini yake itakuwa imezimwa kambini, aiache nyumbani kwenye simu iliyo hewani, au mjaze namba yako. Chuo kikituma ujumbe kwa simu iliyozimwa, ni kama hakikutuma.

Kibarua gani kinamfaa

Ambaye hakuitwa JKT ana muda. Usianze kwa kuuliza "nani anamjua mtu". Anza na msimu. Juni hadi Oktoba ndipo watalii wanapojaa Arusha, Moshi na Zanzibar, na hoteli na migahawa huongeza mikono ya kuosha vyombo, kupokea mizigo, kufua. Kahawa inachumwa Kagera, Kilimanjaro na Songwe. Pamba inanunuliwa Simiyu na Shinyanga, na vyama vya msingi vya ushirika vinahitaji makarani wanaoandika stakabadhi kwa mwandiko unaosomeka na kujumlisha bila kukosea. Hiyo ni kazi ya mhitimu wa kidato cha sita hasa, na wengi hawaiwazi kwa sababu wanaangalia mjini tu. Pemba ina karafuu zake.

Mjini, kazi yenye faida mara mbili ni steshonari. Kuanzia Juni hadi Septemba steshonari zilizo karibu na shule, mahakama au ofisi za kata hufurika waombaji wa mkopo na wa vyuo. Mwenye duka anahitaji mtu wa kutoa kopi, kupiga skani na kujaza fomu, na mdogo wako anajifunza mfumo wa maombi kwenye fomu za watu kumi kabla hajajaza ya kwake. Pia anatoka hapo akijua kuchapa, jambo litakalomwokolea hela ya kuchapishiwa kazi za darasani kwa miaka mitatu.

Twisheni inalipa kama mtaa una wazazi wanaojali. Watoto sita wa darasa la sita na la saba, kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi, saa moja na nusu jioni, ni 60,000 na asubuhi yote ni yake. Atazame vitabu kwanza: mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024 kwa baadhi ya madarasa, na alivyofundishwa yeye huenda sivyo mtoto anavyofundishwa sasa. Awafundishe sebuleni au barazani penye watu, si chumbani.

Saidia fundi hulipa taslimu jioni, na kwa kijana mwenye nguvu ni kazi halali. Akubali siku mbili za kwanza ziume mgongo. Avae viatu vilivyofunika vidole, asipande jukwaa la miti lililofungwa kwa kamba zilizochakaa, na kama hajafika miaka 18 akae mbali kabisa na kazi za hatari. Sheria inakataza na iko sahihi. Bodaboda ya kukodi tusiizungumze sana: inahitaji leseni, ina hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo ipate isipate, na mguu uliovunjika Septemba hauripoti chuo Oktoba.

Kabla ya kusema ndiyo kwa kazi yoyote, fanyeni hesabu hii. Tuseme kazi ya Kariakoo inalipa 7,000 kwa siku na anakaa mbali, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya mwanafunzi hana tena, analipa ya mtu mzima: 600 mara nne ni 2,400. Chakula cha mchana 2,000. Kinachobaki ni 2,600, kwa siku 26 ni 67,600. Duka la mtaani linalolipa 5,000, anakwenda kwa miguu na kula nyumbani, linamwachia 130,000. Kazi yenye jina kubwa imempa nusu.

Namna ya kuomba

Wasifu wa ukurasa mmoja unatosha: jina, simu, mtaa anaokaa, shule mbili, anachoweza kufanya (kuchapa, kuendesha mashine ya kopi, kuzungumza Kiingereza na wageni, kupika kwa watu wengi), na wadhamini wawili wanaofahamika. Asiandike "mchapakazi, mwaminifu, mbunifu", kila mtu anaandika hivyo. Aambatanishe barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na nakala ya cheti cha kidato cha nne, kwa sababu cha sita bado.

Kazi hizi hazitangazwi, zinaombwa mlangoni. Muda mzuri ni Jumanne au Jumatano kwenye saa nne asubuhi, duka limeshapangwa na wateja hawajabanana. Jumamosi asubuhi atafukuzwa, na atakayemfukuza atakuwa hana kosa. Maneno yawe machache na yawe na tarehe ndani yake:

"Shikamoo mama. Naitwa Rehema, nakaa mtaa wa pili hapo nyuma ya msikiti. Nimemaliza kidato cha sita, chuo ni mwezi wa kumi. Naomba kibarua cha kusaidia dukani mpaka mwezi wa tisa mwishoni. Kopi na skani naweza. Nimekuja na barua ya mwenyekiti. Ukiona inafaa, nianze hata kwa siku tatu uniangalie."

Kusema tarehe ya kuondoka mapema kunawatisha wengi, wanaona watanyimwa. Baadhi watamnyima kweli. Ila mwenye duka aliyeambiwa ukweli hamshiki mshahara wa mwezi wa mwisho kwa hasira ya kuachwa ghafla, na huo ndio mshahara unaopotea zaidi kwa vijana wanaokwenda chuo.

Usiende naye mpaka ndani. Msindikize mpaka kona, ukitaka. Bosi akimwona kijana amesimamiwa na kaka yake anaona analetewa mtoto wa kulea. Wewe pita siku ya tatu, kama mteja, umsalimie mwenye duka na kujitambulisha. Inatosha kumjulisha kwamba huyu ana wenyewe.

Akiombwa pesa ili apate kazi, iwe ya fomu, ya sare, ya "usajili" au ya vipimo inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi, hapo hakuna kazi. Ni vivyo hivyo kwa mialiko ya "usaili" kwenye ukumbi ambako vijana arobaini wanaimbishwa na kuambiwa watoe mtaji wa kununua dawa za lishe. Na akiombwa mwili ili apewe kazi au alipwe, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa kupiga 113 bila malipo. Mwambie hili kabla hajaanza kutafuta, kwa maneno ya wazi, awe wa kike au wa kiume. Akilisikia kwako mapema atakuja kwako likimfika.

Makubaliano ya nusu ukurasa

Mkataba wa mawakili hauhitajiki. Daftari linatosha, nakala mbili, saini mbili, na lisomeke hivi:

"Leo tarehe 2 Juni, Rehema ameanza kusaidia steshonari. Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, saa moja ya mapumziko mchana. Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana. Malipo 5,000 kwa siku, yanalipwa kila Jumamosi. Siku tatu za kujifunza zinalipwa nusu. Pesa za droo zinahesabiwa na watu wawili asubuhi na jioni. Ruhusa ya kushughulikia mkopo na chuo hadi siku nne, bila malipo, kwa taarifa ya siku moja. Anaondoka tarehe 30 Septemba."

Saa hizo zikijumlishwa ni 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha sheria ya ajira kabla ya muda wa ziada. Malipo ya kila wiki ni salama kuliko ya mwezi: bosi akiwa msumbufu, kijana anapoteza siku sita, si siku ishirini na sita.

Kipengele cha kuhesabu watu wawili ndicho chenye uzito. Bila hicho, kila upungufu wa droo utaangukia mgeni. Kwa wakala wa miamala ya simu hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo mfundishe hesabu hii kabla hajakaa kwenye kiti. Asubuhi taslimu ni 300,000 na floti, yaani salio la kwenye simu ya wakala, ni 500,000, jumla 800,000. Mteja akitoa 50,000, taslimu inashuka hadi 250,000 na floti inapanda hadi 550,000. Jumla haikutikisika. Mteja akiweka 20,000, inakuwa 270,000 na 530,000. Jumla bado 800,000. Kamisheni ina sehemu yake, haichanganywi humo. Basi saa yoyote ya siku ajumlishe hivyo viwili. Ikisoma 780,000 ajue 20,000 imetoka vibaya, na atafute palepale wakati miamala bado michache. Mara nyingi ni sifuri moja iliyozidi, au mteja aliyeonyesha ujumbe wa simu uliotungwa. Ujumbe wa kwenye simu ya mteja si muamala. Salio la simu ya wakala likibadilika ndipo hela inatolewa. Anayepiga na kujitambulisha kuwa "wa makao makuu" akitaka namba ya siri akatiwe simu, hata kama anajua jina la mwenye duka.

Julai na Agosti: vyuo na mkopo

Tangu 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja kwenye vyuo. Tume ya Vyuo Vikuu inasimamia, inatoa kalenda ya awamu na kitabu cha mwongozo chenye vigezo vya kila kozi. Dirisha la kwanza kwa kawaida hufunguliwa ndani ya wiki chache baada ya matokeo.

Jumlisha alama: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kigezo cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili yenye pointi 4.0, na masomo yenyewe ni yale kozi inayoyataka. General Studies haihesabiwi. Hapa ndipo watu wanapojidanganya: D mbili zinafikisha 4, lakini kigezo cha chini ni tiketi ya kuingia kwenye foleni tu. Kozi zinazogombewa hujaa kwa wenye alama za juu zaidi. Aombe vyuo vitatu au vinne, na kila chuo apange kozi kwa mchanganyiko: moja ya ndoto, moja inayolingana na alama zake, moja ambayo ana uhakika nayo. Kozi ya tatu iwe ambayo yuko tayari kuisoma kweli. Asiyefika 4.0 hajafungiwa mlango. Stashahada zipo, na Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi ya kumwandaa kuingia shahada.

Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu au barua pepe, ndani ya siku zilizotangazwa. Ukimya hauhesabiwi kuwa ni kukubali. Kila mwaka wapo wanaoshangilia majina yao kuonekana vyuo vitatu, wakasahau kuthibitisha, na kujikuta wakisubiri awamu inayofuata na kozi zilizobaki.

Mkopo ni ombi jingine, na halingoji udahili. Dirisha la Bodi ya Mikopo mara nyingi hufunguliwa Juni na kufungwa Agosti au Septemba. Pakueni mwongozo wa mwaka huo na msome ukurasa kwa ukurasa kabla ya kugusa mfumo. Ada ya maombi ni 30,000, inalipwa mara moja kwa kontroli namba. Fomu inachapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Makosa yanayorudisha fomu ni yaleyale: muhuri haujagusa saini, mdhamini hajaweka picha au nakala ya kitambulisho, ukurasa mmoja umepandishwa kichwa chini. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iweke namba yake, msione haya.

Kosa baya kuliko yote halionekani kwa macho. Namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyotumia kuombea mkopo ndiyo iwe ileile aliyotumia kuombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, ya shule na ya mtahiniwa wa kujitegemea. Akitumia moja huku na nyingine kule, Bodi haitamwona kwenye orodha ya waliodahiliwa, na mkopo hautampata hata kama ndiye yatima mhitaji kuliko wote. Chagueni moja Mei, iandikwe kwenye lile daftari kwa kalamu nyekundu.

Mambo haya yanahitaji siku mbili kamili za kazi, pengine nne. Ndizo mlizoombea ruhusa kwenye makubaliano.

Hela ya kibarua iende wapi

Wanafunzi wanaita fedha ya kujikimu "bumu". Miongozo ya miaka ya karibuni imeweka chakula na malazi kuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili, na hutoka kwa mafungu. Fungu la kwanza linaweza kumkuta ameshakaa chuoni wiki kadhaa, kwa sababu ya usajili ambao haujakamilika, alama za vidole au akaunti ya benki yenye jina lisilolingana. Hela ya kibarua ni ya kuvuka wiki hizo. Si ya simu mpya, ingawa utasikia hoja nzuri sana za simu mpya.

Kwa yule wa 130,000 kwa mwezi, akitumia 30,000 yeye mwenyewe na kuweka 100,000, miezi mitatu inampa 300,000. Bima ya afya ya mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka. Ada ya Tume ya Vyuo Vikuu ni 20,000. Chakula cha siku 30 kwa 5,000 ni 150,000. Godoro na ndoo, tuseme 60,000. Jumla ni 280,400. Inatosha, kwa shida. Nauli ya kwenda Mbeya au Dodoma, na ada za maombi zilizolipwa Julai, zitoke kwenye mfuko wa wazazi au wako. Mwambieni hivyo mapema ajue mpaka wake.

Akiba isikae kwenye simu anayoishika kila saa. Fungueni akaunti ya benki mapema, kwa majina yaleyale ya cheti cha kidato cha nne. Akaunti hiyohiyo ndiyo chuo kitakayoitaka kwa ajili ya bumu. Na kama mama anaomba kukopa humo kwa ajili ya mbolea, jibu uwe nalo wewe, usimwachie mdogo wako kumjibu.

Wiki ya mwisho

Fomu ya afya iliyokuja na barua ya udahili ijazwe hospitali ya serikali kabla hajasafiri. Vipimo vingine vinataka kurudi kesho yake. Mfuko wa vyeti uwe na halisi moja na nakala tano za kila kitu, picha ndogo nane zenye rangi ya nyuma iliyotajwa na chuo, risiti ya kila malipo na barua ya udahili. Vyeti halisi visiingie kwenye begi la chini ya basi, abaki navyo kwapani. Skani zibaki kwenye barua pepe yake na nakala moja nyumbani. Lile daftari la maneno ya siri aondoke nalo yeye.